Mishubiri Minne Kwenye Kaburi la Ndeti

Jumamosi, tarehe 24 Februari 2024. Jua lilitoka jeupe juu ya vilima vya Shimba, bila wingu, na upepo wa kaskazi ulikuwa umeshaanza kuvuma kabla ya saa mbili. Mvua ya mwisho ilinyesha tarehe tisa Januari, manyunyu ya robo saa ambayo hayakufika hata kwenye mizizi ya nyasi. Mahindi machache ya vuli yalikuwa yamevunwa zamani, na mabua yake yalisimama shambani yakisuguana kwa upepo.

Kavenya aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida yake. Alichota maji kwenye tangi, ndoo ya lita ishirini, akaizungusha nyuma ya nyumba, akalipita bafu bila kusimama, akashuka nayo hadi kwenye kaburi la mumewe karibu na ua wa minyaa. Akayamwaga yote, polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akarudi na ndoo tupu. Hakuomba, hakulia, wala hakusema neno. Mtu angemuuliza anafanya nini, angejibu kwamba anachota maji.

Siku hiyo shemeji yake, Muema, alikuwa anakuja kutoka Kibwezi na karatasi ya kutiwa sahihi. Ilikuwa karatasi ya kuomba kibali cha kufukua kaburi. Mjane akishatia sahihi, Ndeti angetolewa katika udongo huo alimolala miezi saba, atiwe kwenye sanduku jipya, akazikwe upya Kibwezi kwenye boma la mama yake. Asipotia, mambo yangekwamia hapo, lakini watu wa ukoo wasingemsamehe. Kavenya aliyajua hayo yote. Aliyajua kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumamosi.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo ya miiba. Alizaliwa huko huko Kibwezi, akaolewa na Ndeti mwaka 1991, akaja naye Kwale, ambako Ndeti alikuwa amepata ekari tano za ardhi ya makazi. Walikuta vichaka vitupu. Ndeti alivifyeka kwa mikono yake, kisha akapata kazi ya ukarani katika ghala la ushirika wa wakulima, na shamba likabaki la mkewe. Kavenya alilima mahindi miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo nyani walivuna mara nyingi kuliko yeye.

Ulipokuja ukame wa mwaka 2009, mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Kavenya alikuwa amekaa mpakani mwa shamba, amechoka kutazama, alipoona kwamba kando ya mawe mishubiri ilikuwa imechanua. Hakuna aliyeipanda na hakuna aliyeitunza. Majani yake yalikuwa manene, yamejaa, na maua yake mekundu yamesimama wima kama kwamba habari za njaa hazijaifikia. Kwa Kikamba mshubiri huitwa kiluma. Alichimba vichipukizi sita akavitia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akavipanga mbele ya nyumba. Ndeti aliporudi kazini aliuliza, "Hivi ndivyo tutakavyokula?"

"Hata nyani hawali," Kavenya alisema. "Hiyo peke yake ni faida."

Mwaka uliofuata, mlinzi wa nyumba moja ya wageni huko Diani, mtu aitwaye Rai, alipita akauliza kama vinauzwa. Kisima cha tajiri wake kilikuwa kimeingia chumvi na majani yote ya bustani yamekufa. Alinunua vyote. Baada ya hapo wakaja wengine. Kavenya akaongeza waridi la jangwani, lenye shina lililovimba kama chupa, akaongeza mipungate, minyaa, mikonge midogo ya mwituni yenye mabaka. Alijifunza mwenyewe, kwa kuua. Alijifunza kuchanganya udongo: mchanga wa mto sehemu mbili, kokoto za matumbawe zilizopondwa sehemu moja, udongo sehemu moja, na samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima. Alijifunza kwamba tawi likikatwa lisipandwe siku hiyo. Liachwe kivulini siku kumi kidonda kikauke. Zaidi ya yote alijifunza kwamba mimea hii haiuawi na jua, huuawa na huruma.

Wanunuzi wake aliwaambia jambo moja tu: "Ukishikwa na hamu ya kuimwagilia, tia mikono mfukoni."

Rai hakutia mikono mfukoni. Mwaka 2016 alirudi na habari kwamba mishubiri arobaini imekufa kwa mpigo, na mashina ya waridi la jangwani yamelegea kama ndizi zilizoiva. Kavenya alikwenda mwenyewe mpaka Diani kuiona. Aling'oa mmoja, akaunusa, akamwekea Rai chini ya pua.

"Umeinywesha kama ng'ombe."

"Nilikuwa nikiionea huruma, Mama Viluma. Jua lilikuwa kali."

"Basi kamwonee huruma mkeo. Hii iache."

Maneno hayo Rai aliyasambaza Diani nzima na Ukunda, huku akijicheka mwenyewe, na tangu hapo jina la Mama Viluma lilimshika Kavenya asiweze kulivua. Ikawa inasemwa kwamba kwake hakuna mmea uliowahi kuoza. Haikuwa kweli, lakini ilikaribia kuwa kweli.

Ndeti alifariki tarehe 11 Julai 2023, ghafla, ghalani, akiwa ameshika orodha ya magunia. Muema alitaka azikwe Kibwezi. Purity, binti yao wa pekee anayefanya kazi kwenye duka la dawa Ukunda, alisema baba aliwahi kutamka kwamba atalala pale alipofyeka. Wakavutana siku mbili, na mwishowe Muema akakubali kwa shingo upande. Ili ndugu yake asilale kama mtu asiye na watu, Muema mwenyewe alileta saruji, akamwita fundi, wakalizungushia kaburi ukingo imara wa kimo cha shibiri. Siku ya tatu baada ya maziko Kavenya alipanda mishubiri minne, miwili kichwani na miwili miguuni. Hiyo ni desturi ya vilima vile, ya Waduruma na Wakamba vilevile: mshubiri ndio mmea wa kaburi, kwa kuwa watoto huhamia mjini na wajane huzeeka, nao mshubiri haumwombi mtu kitu.

Asubuhi ya siku ya nne, Kavenya aliamka saa kumi na moja na nusu akachota maji ya kuoga ya Ndeti. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameyachota kila alfajiri, kwa sababu Ndeti alitoka saa kumi na mbili na robo kwenda kazini, na hakuwa mtu wa kutoka bila kuoga. Alioga maji baridi, akihema na kupiga mayowe kama anayekamatwa na polisi. Asubuhi hiyo Kavenya aliifikisha ndoo kwenye mlango wa bafu ndipo akakumbuka. Akasimama nayo. Maji ya kuchota hayarudishwi tangini. Akaenda kuyamwaga kaburini.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Hakukaa akaamua. Tangu msiba mwili wake ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa. Chakula alikila kwa kuwa kilikuwa mbele yake. Watu waliokuja kumwambia "makiwa" aliwajibu "tunayo", na sauti yake aliisikia kama inatoka chumba cha pili. Machozi aliyangojea mwezi wa kwanza, kisha akaacha kuyangojea. Mikono yake tu ndiyo iliyoendelea kujua saa.

Mwezi wa Desemba, jani la kwanza kichwani mwa kaburi lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kavenya alilibonyeza kwa kidole gumba likaingia ndani. Alijua papo hapo. Mtu aliyemtolea Rai somo hadharani hakuhitaji kuambiwa. Alisimama pale kitambo, akafuta kidole kwenye leso, na kesho yake saa kumi na moja na nusu akachota maji. Kichwa kilijua lake na mikono ilijua lake, na hakukuwa na mazungumzo baina yao. Mwezi wa Januari ulipoingia, mishubiri yote minne ilikuwa imelala chali.

Muema alikuja Mwaka Mpya, akaiona, akaondoka kimya. Baada ya wiki mbili alipiga simu akazungumzia kibali.

Siku hii ya Jumamosi alifika saa nne na nusu, juu ya pikipiki, na mfuko wa karatasi kifuani. Alikuwa mdogo wa Ndeti kwa miaka sita, shemasi wa kanisa, mpole, mwenye sura ileile ya marehemu iliyopunguzwa kidogo. Purity, aliyekuwa amekuja tangu Ijumaa jioni, alimpokea mfuko.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Ukunda hamli?"

"Tunakula, baba mdogo. Tunakula tukiwa wima."

Muema akacheka kidogo, kisha akamsalimu Kavenya kwa mikono miwili na kumwuliza hali. Kavenya akasema ni nzuri.

Walikaa kibarazani. Chome, mzee wa kijiji, alifika muda si muda, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Ilibidi awepo kuwa shahidi. "Hodi wenyewe! Jamani nimekuja mapema, maana saa nane nina harusi Matuga na mshenga ni mimi. Nikichelewa, yule bwana ataozwa shangazi."

"Si utakuwa umemsaidia," ilisema sauti kutoka uani. Alikuwa Sidi, jirani, mama wa Kiduruma aliyepakana na Kavenya kwa miaka ishirini, amebeba sufuria ya mihogo ya nazi. "Shangazi mwenyewe angalau anajua kupika."

"Sidi, nani amekuita?"

"Nimeitwa na mihogo, mzee. Imeniambia pana watu wana njaa."

Wakala. Kavenya alikula vipande viwili. Muema alinawa mikono, akatoa karatasi mfukoni na kuiweka mezani, akakalisha kikombe juu yake isipeperushwe.

"Mimi ni mtu wa kanisa," alianza. "Mambo ya mizimu siyafuati. Nataka mlijue hilo kwanza."

"Tumelijua," alisema Chome. "Lakini?"

"Lakini mshubiri haufi, mzee."

Chome akaitikia kwa kichwa taratibu. Hapo hakuwa na la kupinga.

"Kweli haufi," Sidi alisema. "Mimi ninao mmoja juu ya mlango, nimeutundika kwa kamba tangu mwaka wa korona. Hauna udongo, hauna maji. Juzi umetoa ua."

"Umesikia," Muema alisema. "Na kama ungekufa kwingine, hapa usingekufa. Watu wanatoka Diani na magari yao kuja kutafuta kwa shemeji yangu mimea isiyokufa. Tazameni ua wote huu, makopo mia mbili, kuna hata moja lililonyauka? Hakuna. Ni kule kaburini tu. Yote minne. Sasa mama yangu ana miaka themanini na minane. Tangu Novemba anamwota mwanawe. Anamwona amesimama mahali, amelowa miguu, anasema, Mama, naona baridi. Mimi nimwambie nini? Nimwambie anywe uji alale?"

Purity alimtazama mama yake. Chome alikohoa, akasema kwa upole kwamba yeye hakuja kuamua, amekuja kushuhudia tu. Lakini kama marehemu mwenyewe haridhiki, basi ni vigumu kumlazimisha. "Mama," alimwambia Kavenya, "kalamu ndiyo hii. Usiharakishwe na mtu."

Kavenya aliivuta karatasi. Aliishika kalamu. Alijitafuta ndani, kwa haki, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti la zamani, aone kama kuna neno "hapana" humo. Hakuna. Wala neno "ndiyo" halikuwamo. Alichokiona ni kwamba akitia sahihi watu wataondoka, na alfajiri hakutakuwa na mahali pa kumwaga maji. Lilikuwa jambo jepesi. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa vizuri, bila kosa. Palikosekana sahihi tu.

Lakini hakuwahi maishani mwake kutia sahihi kitu asichokisoma, basi akasoma. Jina la marehemu. Tarehe ya kuzikwa. Mahali. Akafika kwenye sababu za maombi. Muema alikuwa ameandika kwa herufi za kutulia: *Marehemu hapendezwi na mahali alipo. Dalili: mimea iliyopandwa kaburini imekauka yote.*

Kavenya akaisoma sentensi hiyo mara ya pili. Akaweka kalamu chini.

"Haijakauka," alisema.

"Nini, shemeji?"

"Mishubiri. Umeandika imekauka. Haijakauka, imeoza."

Muema akamtazama kwa subira. "Imekufa, shemeji. Kukauka, kuoza, si ni kufa?"

"Siyo. Uliokauka umenyimwa maji. Uliooza umepewa. Hapa umeandika kitu ambacho hakikutokea." Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kumweleza mnunuzi kopo gani liwekwe wapi. "Siwezi kutia sahihi hapa."

"Basi tufute tuandike imeoza," Chome alisema, akichungulia saa. "Neno moja hilo."

"Ukiandika imeoza, mtu atauliza maji yalitoka wapi. Mvua hakuna."

Upepo ulilinyanyua bati moja la paa ukaliachia. Sidi, aliyekuwa akikusanya mabaki ya mihogo kwenye sinia, alisimamisha mkono wake.

"Yalitoka wapi?" aliuliza.

Kavenya alisimama, akachukua kisu chake cha kazi juu ya dirisha, akashuka kuelekea kaburini, na wao wakamfuata kwa mstari, Chome akiwa wa mwisho ameinua kanzu yake isishike vumbi. Kavenya aliuvuka ukingo wa saruji, akainama kichwani mwa kaburi, akaushika mshubiri mmoja shingoni. Hakuhitaji kisu. Uliinuka mkononi mwake bila kushindana, na kule chini badala ya mizizi palikuwa na uji mweusi. Harufu iliwafikia wote kwa pamoja. Purity akafunika pua kwa leso.

"Mzee, tia kidole hapo," Kavenya alisema.

Chome alitazama kanzu yake, akatazama kile kishimo, akachutama kwa uangalifu mkubwa na kutia kidole. Akakitoa. Kilikuwa na tope mpaka kiungo cha pili. Hatua nne kutoka pale, nje ya ukingo, ardhi ilikuwa imepasuka nyufa ambamo mtoto angeweza kupoteza kiatu.

"Subhanallah," Chome alisema. "Hapa pana chemchemi?"

"Ni mimi," Kavenya alisema. "Ninamwaga maji. Ndoo moja kila alfajiri. Tangu siku ya nne."

Muema alikunja uso kama mtu asiyesikia vizuri. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe Mama Viluma? Uliyemtukana yule bwana wa Diani?"

"Huyo huyo."

"Kila siku?"

"Siku nilipopatwa na homa mwezi wa kumi sikumwaga. Siku mbili hizo. Nyingine zote nilimwaga." Alikuwa bado ameshika mshubiri uliooza, na ute mweusi ulikuwa ukimtiririkia kwenye kiganja. "Ni maji yake ya kuoga. Nilikuwa nikiyachota, nikawa ninaendelea kuyachota. Na huu ukingo hauna pa kutolea maji. Maji yangu, saruji yako. Yamekaa humu kama kwenye karai."

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Sidi. Ilianza kama kikohozi, kisha ikawa kicheko, akajifunika mdomo kwa upande wa leso lakini mabega yakamsaliti. "Mganga hajigangi! Weye! Mwenzangu, mimi ulinikatazia kumwagilia hata ule wa mlangoni! Uliniambia nikiumwagilia utaninyang'anya!"

"Nilikwambia."

"Na mimi nikajua ni mzimu! Wiki nzima nimepita njia ya juu, sipiti hapa, naogopa mumeo asinishike mguu!"

Chome alijitahidi, akashindwa, akacheka akitazama pembeni. Purity hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake. "Mimi niliisikia ndoo," alisema. "Kila nikija ninaisikia. Nikadhani unaoga."

Muema naye hakucheka. Aliuchukua mshubiri kutoka mkononi mwa Kavenya, akaugeuza, akaunusa kama kwamba alitaka kuhakikisha, kisha akautua juu ya ukingo wake mwenyewe wa saruji.

"Shemeji, ungeniambia mwezi wa kwanza. Nimeenda ofisi tatu. Nimemsumbua mchungaji. Nimewaweka wazee kikao mara mbili. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi. Ulimwuliza marehemu."

Maneno hayo yalitoka bila ukali, na pengine ndiyo sababu yalimwingia. Muema alikaa juu ya ukingo, mgongo ameuelekeza kwa ndugu yake. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba Chome aliangalia saa mara mbili. Mwishowe Muema alisema, akiangalia chini, "Mama amesema amelowa miguu."

Akapeleka mkono nyuma, akaugusa udongo.

"Tangu Novemba anasema amelowa miguu. Mimi namwambia, mama, ni ndoto. Kumbe alikuwa amelowa kweli."

Sidi aliacha kucheka ghafla, akajikunyata kidogo.

"Basi," Muema alisema, akiinuka na kujipangusa. "Nitamwambia hivyo. Nitamwambia nilienda nikamkuta amelowa miguu, na mkewe amesema atamkausha. Yeye ataelewa kuliko wazee. Karatasi siichani, shemeji, nisikudanganye. Nitarudi nayo ikae. Lakini kama ndugu yangu atakauka, sina safari nyingine ya ofisini. Hilo nakuahidi mbele ya mzee." Akamgeukia Kavenya. "Lakini akauke."

"Atakauka."

"Utaweza kuacha?"

Kavenya aliufikiria mkono wake gizani kwenye bomba la tangi. "Sijui," alisema. "Nitaangalia."

Chome alisema serikali imeridhika, akanawa kidole chake mara tatu kwa sabuni ya Purity, akapanda pikipiki kwenda kuozesha watu Matuga. Muema alikunywa chai, akakaa mpaka saa tisa akizungumza na Purity habari za jamaa wa ukoo na shule walizosoma, kisha naye akaaga. Alipomshika Kavenya mikono safari hii, aliishikilia kidogo zaidi. Kavenya alingojea kuhisi kitu: kwamba Ndeti amebaki, kwamba jambo limekwisha, kwamba ameaibika mbele ya watu na habari itafika Diani kabla ya Jumatatu. Aliyahesabu mambo hayo kichwani moja baada ya jingine. Yote yalikuwepo. Hakuna lililomgusa. Alikwenda kugeuza makopo ya waridi la jangwani upande wa pili, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kugeuzwa.

Jioni Sidi alipita kuchukua sufuria yake. "Usinichukie," alisema. "Kicheko kilinitoka."

"Sikuchukii."

"Rai akisikia atachinja mbuzi."

"Ana haki."

Sidi alimtazama rafiki yake, akaenda zake na sufuria.

Kesho yake, Jumapili, Kavenya aliamka saa kumi na moja na nusu. Alikuwa ameshachota ndoo ikajaa kabla ya kutambua ameshika nini. Akaiacha palepale chini ya bomba. Purity alipoamka aliikuta, akaitumia kuoshea vyombo vya jana. Kavenya alimwambia atangulie kanisani, kisha akatoa tindo na nyundo kwenye sanduku la kazi, akashuka kaburini. Aling'oa ile mishubiri mitatu iliyosalia akaitupa kwenye shimo la taka. Akapiga magoti upande wa miguu, kule kwenye mteremko, na kuanza kutoboa ukingo. Saruji ya Muema ilikuwa nzuri; tundu la kwanza lilimchukua karibu saa nzima, na kipande kimoja kiliruka kikamkata juu ya kifundo cha mkono. Alipolimaliza, maji machache ya rangi ya kutu yalitoka, yakaingia kwenye ufa wa ardhi yakapotea. Alikadiria kwamba udongo ungehitaji wiki tatu kukauka, kama si nne. Akasogea hatua moja kulia, akaanza tundu la pili.